Tusizitupe Ruta Kuukuu Kabla ya Kuzitazama Ndani

Hapa Newala, katika ghala la shule moja ya sekondari, niliona mwaka huu visanduku sita vimepangwa juu ya kabati, vimejaa vumbi, nyaya zake zimeviringishwa na kufungwa kwa mpira, na juu ya kila kimoja imebandikwa karatasi yenye neno moja tu: "Mbovu." Nilipouliza ubovu wenyewe ni upi, nilijibiwa kwamba ni vya zamani. Hilo si jibu. Nilikichomeka kimoja katika umeme, taa zake zikawaka zote, na baada ya dakika mbili jina la shule likatokea katika simu yangu kama lilivyokuwa likitokea miaka saba iliyopita.

Vifaa hivyo ni ruta, yaani visanduku vyenye masikio mawili au matatu ambavyo hupokea intaneti kwa waya au kwa laini ya simu, kisha vikaigawa kwa kompyuta na simu za nyumba nzima. Hakuna ofisi ya umma leo isiyokuwa nayo, tangu wilayani hadi kwenye chama cha msingi cha wakulima. Na karibu kila ofisi ina lundo lake la zile zilizostaafishwa bila ya kupimwa na daktari.

Ninaandika kuomba jambo moja. Kabla ya ruta kuandikiwa hati ya kutupwa, fundi aitazame kama inaweza kuondolewa programu ya zamani iliyomo ndani yake na kutiwa nyingine, iliyo huru na inayoendelea kutunzwa. Na serikali zetu mbili, kila zinunuapo ruta mpya, zikatae kununua zile ambazo mtengenezaji amezifunga ili jambo hilo lisiwezekane.

Ndugu zangu wa visiwani wasidhani kuwa haya ni mambo ya kusini ya mbali yasiyowahusu. Nimewahi kufanya kazi Chake Chake, na huko nako niliyakuta malundo yale yale, tena yakiwa na hali mbaya zaidi kwa sababu hewa ya chumvi haina huruma na shaba. Hata hivyo watu wa Pemba na Unguja wana elimu moja ambayo wengi wetu wa bara hatukuipata. Jahazi likianza kuvuja halichomwi moto. Hupandishwa pwani, mbao iliyooza ikatolewa na nyingine ikapachikwa, likatiwa kalafati upya, likarudi majini. Wala sijapata kumwona nahodha anayemwandikia barua fundi aliyelijenga kumwomba ruhusa ya kuliziba. Sisi wa Uwanda wa Makonde nasi tulifundishwa uangalifu na kiu: bibi zetu walioteremka mabondeni alfajiri kutafuta maji hawakuutupa mtungi kwa kuwa tu umezeeka.

Sasa nieleze kidogo kilichomo ndani ya kisanduku, maana viongozi wengi huweka saini ya kukinunua na saini ya kukitupa pasipo kujua ni kitu gani.

Ruta ni kompyuta ndogo. Ina ubongo wake, ina kumbukumbu ya kufanyia kazi na ina ghala la kuhifadhi programu. Programu hiyo, ambayo wataalamu huiita programu dhibiti, ndiyo inayoamua nani aingie na nani azuiliwe, na ndiyo inayoelekeza kila barua na kila malipo njia ya kupita. Mtengenezaji huiandika mara moja, akaiziba matundu kwa miaka michache, kisha akaiacha, kwa sababu faida yake iko katika kisanduku kipya na si katika kile alichokwisha kukiuza. Chuma huweza kuishi miaka kumi au zaidi. Programu hutelekezwa mapema zaidi. Tangu siku hiyo, tundu jipya likigunduliwa hubaki wazi daima, na wenye nia mbaya wanayo orodha ya matundu hayo.

Yasichukuliwe haya kuwa ni vitisho vya wauza dawa. Mwezi Mei 2018 ilifichuliwa kwamba programu ovu iliyopewa jina la VPNFilter ilikuwa imeingia katika ruta na vifaa vya namna hiyo visivyopungua 500,000, katika nchi zisizopungua 54. Mwezi Mei 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo juu ya ruta ambazo watengenezaji wake wameacha kuzihudumia: wahalifu huziingilia kwa mbali, kisha wakauza njia yake kwa wezi wengine, ili wizi unaofanywa na mtu wa bara jingine uonekane umetoka nyumbani kwa mtu asiyejua lolote. Mtu huyo anaweza kuwa bwana shamba au mwalimu. Anaweza kuwa karani wa chama.

Na hapo ndipo jambo hili linapogusa ugali wa watu wa huku. Msimu wa korosho ukifunguliwa, mwezi wa Oktoba, uwanda wote hauna habari nyingine. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho imekuwa ikiendeshwa kwa mfumo wa kompyuta wa Soko la Bidhaa, TMX, na fedha za mkulima hupitia benki. Karani wa chama cha msingi anashughulika na majina ya watu, kilo zao na nambari za akaunti zao, na habari hizo zote hupita katika kisanduku kimoja kilicho juu ya dirisha, ambacho neno lake la siri ni lile lile lililochapwa kiwandani. Tumeweka makufuli mazito katika milango ya maghala ya korosho, na tumeajiri walinzi. Mlango ambao fedha yenyewe hupitia tumeuacha na komeo la mti.

Basi, nani awezaye kuandika programu ya kuchukua nafasi ya ile iliyotelekezwa? Imekwisha kuandikwa, zaidi ya miaka ishirini sasa, na haiuzwi. Mwishoni mwa 2002 kampuni ya Linksys ilianza kuuza ruta iliyoitwa WRT54G. Mwaka 2003 watu waliochungulia ndani yake waligundua kwamba programu yake imejengwa juu ya Linux, kazi ya ushirika ambayo leseni yake humlazimisha kila anayeisambaza kuyatoa hadharani maandiko ya programu yenyewe. Kampuni ikabanwa na leseni, ikayatoa. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza, na tangu hapo waandishi wa programu wa nchi nyingi wameiendeleza kwa kujitolea, ikaenea hadi ruta za makampuni mengi yasiyohusiana. Waliojifunza ushirika katika miaka ya Azimio la Arusha watacheka kidogo wakisikia kwamba mali hii ya pamoja ilizaliwa kwa kupenya katika ghala la kampuni ya Marekani. Nami nilicheka.

Wala si mambo ya Wazungu peke yao. Mradi wa Village Telco wa Afrika Kusini ulitengeneza kifaa cha simu na intaneti cha vijijini, Mesh Potato, ambacho huendeshwa kwa OpenWrt. Nairobi nayo, kampuni ya BRCK ilibuni kisanduku cha intaneti kwa ajili ya mahali ambapo umeme hukatika na mtandao ni hafifu, ikakitangaza mwaka 2013, na programu yake ikaijenga juu ya OpenWrt hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba vijana wa Afrika Mashariki wamekwisha kuionja kazi hii na kuiweza.

Nirudi kwenye visanduku vyetu sita. Nilimwomba mwalimu mkuu ruhusa, akanipa kwa shingo upande, nami nikamwita kijana mmoja wa hapa mjini aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi. Alinyanyua kila kimoja akasoma karatasi ya chini kabla ya kugusa chochote. "Mzee, jina la juu si kitu," aliniambia. "Tazama namba ya toleo." Akanionyesha viwili vyenye jina moja, TL-WR841N, ruta ambayo bila shaka nusu ya wasomaji wangu wamewahi kuwa nayo. Kimoja kilikuwa toleo la 9, kingine toleo la 13. Kwa nje ni ndugu wa tumbo moja. Kwa ndani wanatofautiana kama mbuzi na ng'ombe: la 9 lina ghala la megabaiti 4 na kumbukumbu ya 32, ilhali la 13 lina 8 na 64, na ubongo wa kampuni nyingine kabisa. Programu iliyoandikwa kwa ajili ya toleo moja ikitiwa katika jingine hukiua kifaa.

Viwili kati ya vile sita, vya aina ya kutia laini ya simu, aliviweka kando mara moja. Havimo katika orodha ya vifaa ambavyo mradi wa OpenWrt unavihudumia, na hakuna haja ya kujidanganya. Wapo watu mijini wanaojigamba kuwa wanaweza kufungua kila kitu. Hao ndio waliowatia viongozi wetu hofu, na kwa haki.

Cha tatu kilikufa mikononi mwetu, na ninasema hivyo ili mtu asije akadhani nauza ndoto. Kazi hii ina dakika tatu au nne za hatari, pale programu ya zamani imekwisha kufutwa na mpya haijamaliza kuandikwa. Umeme ukikatika katika dakika hizo, kisanduku hubaki hakijui hata kuwaka. Ilikuwa saa nane mchana, mawingu yamejikusanya upande wa Ruvuma, na kijana alikuwa amesema tungoje. Mimi ndiye niliyemhimiza. Umeme ukakatika. Baadhi ya ruta huweza kufufuliwa kwa kubonyeza kitufe wakati wa kuwasha na kuzipelekea faili kwa waya wa mtandao, hii haikuitika. Nilimwendea mwalimu mkuu nikamwambia kosa ni langu.

Cha nne tulikifanyia kazi siku ya pili kwa betri ya sola, nacho kilikuwa na ghala la megabaiti 16 na kumbukumbu ya 128, kiasi ambacho wenye mradi wenyewe hushauri kisipunguzwe kwa matoleo ya leo. Kijana alipakua faili kutoka katika tovuti ya mradi na si mahali pengine popote, akalinganisha alama yake ya uthibitisho na ile iliyoandikwa hapo, akaunganisha kompyuta kwa waya na si kwa hewa, akaanza. Kilipowaka tena hakikurusha mawimbi yoyote, na mwalimu mmoja akasema tumeua cha pili. Haikuwa hivyo. OpenWrt huzaliwa mawimbi yake yamezimwa na haina neno la siri, ili mwenyewe aweke neno la siri kwanza kisha afungue. Ile ya kiwandani huzaliwa milango wazi. Tofauti hiyo peke yake ilitosha kunifundisha somo la nidhamu ya kazi.

Kisha likaja jambo ambalo sikulitegemea. Shule ile ina kifurushi kimoja tu cha intaneti, na malalamiko ya kila siku yalikuwa kwamba mtu mmoja akianza kupakua video, mhasibu hawezi kutuma hesabu wala mtaaluma hawezi kuingiza alama. Walikwisha kuomba kifurushi kikubwa zaidi. Katika programu mpya mna sehemu ya kupanga foleni, ambayo huzuia mzigo mkubwa wa mtu mmoja usizibe njia ya wengine. Ni kazi ya karani wa mizani anayejua kuwa mwenye gunia moja hapaswi kungoja hadi mwenye lori apakue. Ombi la kifurushi kikubwa limerudishwa mezani, halijatumwa tena.

Nawageukia sasa ndugu zetu wa serikalini, kwa maana hofu zao nazijua, nimewahi kukaa katika viti hivyo.

Hofu ya kwanza ni ya mawimbi. Ruta iliyotiwa programu nyingine huweza, ikiwa mikononi mwa mtu asiye na adabu, kurusha mawimbi kwa nguvu inayopita kiwango na kuvuruga mawasiliano ya wengine. Hofu hii ni ya haki. Lakini tutazame walivyoitatua wengine. Agosti 2016 Tume ya Mawasiliano ya Marekani ilimaliza shauri dhidi ya kampuni ya TP-Link, ambayo baadhi ya ruta zake ziliweza kuwekwa zirushe kwa nguvu ya kupita kiasi. Kampuni ilikubali kulipa dola 200,000, na katika mapatano hayo hayo ikakubali kushirikiana na waandishi wa programu huru ili ruta zake ziweze kuzipokea. Yaani mdhibiti alilinda mawimbi bila ya kufunga kisanduku. Katika OpenWrt fundi huchagua nchi, na akichagua Tanzania mawimbi hufuata mipaka iliyowekwa kwa Tanzania. Ningependa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, itoe mwongozo wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, unaomwambia fundi wa wilaya lipi ni ruhusa na lipi ni marufuku. Fundi mwaminifu asiyejua mpaka uko wapi huacha kufanya kazi. Yule mjanja haulizi.

Hofu ya pili ni ya hati. Afisa ugavi huniambia: mali ya umma iliyobadilishwa programu, nani ataibeba dhamana yake? Namjibu kwa swali. Ile iliyotelekezwa na mtengenezaji, ambayo wewe unaiacha ikae mezani miaka mitano kwa sababu bado taa zinawaka, dhamana yake anaibeba nani? Mtengenezaji alikwisha kuondoka. Hakuna aliyebaki na dhamana ila mwananchi ambaye habari zake zinapita humo.

Ununuzi ndio mzizi wa shauri lote. Uingereza ina sheria iliyoanza kutumika tarehe 29 Aprili 2024 inayokataza vifaa vya namna hii kuuzwa vikiwa na neno la siri jepesi linalofanana kwa vyote, na kumlazimisha mtengenezaji kutamka atakihudumia kifaa kwa muda gani. Kampuni zinazotimiza sharti hilo kule ndizo hizo hizo zinazotuuzia sisi. Kitu gani kinatuzuia kuandika sharti kama hilo katika zabuni zinazopitia mfumo wa NeST kwa upande wa bara, na wenzetu wa Zanzibar katika mfumo wao? Mamlaka ya Serikali Mtandao na eGAZ zinaweza kukaa siku mbili zikaandika sifa za ruta ya ofisi ya umma: miaka ya kuhudumiwa itajwe, ghala na kumbukumbu visipungue kiasi fulani, na kifaa kisifungwe dhidi ya programu nyingine. Mstari mmoja katika zabuni una nguvu kuliko semina kumi za usalama wa mtandao, na hauna posho.

Ama kuhusu mafundi, hatuhitaji chuo kipya. Masasi ina chuo cha maendeleo ya wananchi, na Newala inacho. Mtwara kuna VETA. Visiwani kuna vituo vya mafunzo ya amali vya Mkokotoni na Vitongoji. Kijana anayejua kutengeneza simu anaweza kuifahamu kazi hii kwa muda mfupi, akianza na vifaa vilivyoandikwa "mbovu," ambavyo hata akiua kimoja hakuna aliyepata hasara. Afundishwe pia kwamba OpenWrt nayo si hirizi: nayo hutoa matoleo, matoleo yake ya zamani huachwa, na ruta iliyobadilishwa leo kisha ikasahauliwa miaka sita itakuwa imerudi pale pale ilipokuwa.

Sijui kama mwongozo wa kurasa chache utatoka Dodoma au Unguja kabla ya msimu ujao wa korosho. Wilaya yenye mkurugenzi mwepesi haina haja ya kuungoja ili ihesabu ruta zake, isome namba za toleo na ibadilishe maneno ya siri ya kiwandani. Hiyo ni kazi ya juma moja na daftari moja.

Vimebaki viwili vya jina moja. Lile toleo la 9 halina nafasi ya kubeba programu ya leo, kwa hiyo tumelizima mawimbi na kuliweka ndani ya maabara, nyuma ya ile ruta iliyofanikiwa, ligawe waya kwa kompyuta nne pasipo kuelekea nje. La 13 litaibeba kwa kubanabana, bila ya vikorombwezo. Kijana amekwisha kuipakua faili yake na kuihakiki. Kifaa kipo mezani, kimeunganishwa na betri ya sola, kinangoja Jumamosi asubuhi, nami nimeambiwa nisiwepo.